Lori Lililokwama Kila Jumatatu

Vijana wa gereji hapa Mwanjelwa wameniomba niwaandikie habari za breki zinazoshika. Walisema, mzee, wewe kazi umeacha, sasa kaa uandike. Kuandika nitaandika. Kukaa ndiko kunakonishinda. Tangu nistaafu nimekwisha kaza bawaba zote za nyumba hii, na juzi mama watoto alinikuta nimeifungua cherehani yake, ambayo haikuwa na kosa lolote. Kwa hiyo naandika nimesimama, karatasi juu ya pipa la maji. Mkiona mstari umepinda, jueni nilikwenda kuchungulia barabarani. Na mkiona maneno hayakukaa sawa, shule mimi niliishia pale wanapoanza kugawanya.

Ninyi mna kalipa, hilo chuma linalobana sahani ya gurudumu pande mbili kama koleo. Zamani zetu sisi tulikuwa na ngoma. Ndani ya ngoma kuna viatu viwili vya breki, na katikati yake silinda ndogo yenye pistoni. Dereva akikanyaga, mafuta yanasukuma pistoni, pistoni inasukuma viatu, viatu vinasugua ngoma, gari linasimama. Akiachia, kila kitu kirudi mahali pake. Ugonjwa wa kwenu na wa kwetu ni mmoja: pistoni imetoka kwenda kazini, halafu inakataa kurudi nyumbani.

Mimi nilianza kama utingo, mwaka wa hamsini na kitu, kwenye lori la kupeleka chakula Chunya kwa watu wa dhahabu. Utingo wa siku zile alikaa juu ya magunia na kabari mkononi, yaani kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja. Lori likisimama mlimani unaruka chini, unaisukumiza nyuma ya gurudumu kabla dereva hajamaliza kuita. Kazi hiyo ilinifaa, maana hata nyumbani Rungwe mama alikuwa akisema mimi nilizaliwa nikiwa nimesimama.

Siku moja tunateremka mlima kurudi Mbeya, nikasikia harufu kama ya pembe ya ng'ombe iliyoangukia motoni. Gurudumu la mbele linatoa moshi. Dereva akasimamisha, akaniambia mwaga maji. Nikamwaga debe zima. Ngoma ikalia mara moja tu, ikapasuka kama chungu. Dereva aliniangalia, na mimi nikamwangalia, maana amri ilikuwa yake na debe lilikuwa langu. Hilo la chuma cha moto na maji baridi liwekeni pembeni, nitalirudia.

Fundi aliyetoka mjini kuja kutuokoa alifungua ile ngoma na mimi nikaingiza kichwa. Nikaona pistoni yenyewe, ndogo kama kifuniko cha chupa ya dawa, imeota kutu, na ndiyo iliyotaka kutuua watu wawili na magunia ya mahindi. Nilimuuliza maswali mpaka akachoka. Mwisho akasema, wewe utingo huwezi, nenda Iringa kwa Kalasinga mmoja, yeye anapenda watu wasumbufu.

Nikaenda. Iringa mwezi wa sita, baridi ya kung'ata masikio, simjui mtu. Mhehe mmoja kwenye geti la gereji akanisalimu kwa lugha yake, "Kamwene," nikamjibu kwa Kinyakyusa, "Ndaga," tukapita kila mtu ameridhika. Huyo Kalasinga tulimwita Fundi Singa. Alikuwa mzee mwenye kilemba cha rangi ya majivu, ndevu amezikunja vizuri, na mikono iliyokuwa na makovu mengi kuliko vidole. Aliniuliza kama kuna kitu ninachojua. Nikasema hapana. Akasema vizuri, waliokuja wanajua wamenivunjia spana nyingi.

Spana yenyewe hakunipa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugusa. Gari lolote likiingia, hata kama limekuja kwa taa, nilizunguka magurudumu yote na kugusa kitovu cha gurudumu kwa mgongo wa mkono, halafu nimwambie lipi lina joto kuliko wenzake. Mgongo wa mkono, vijana, si kiganja. Kiganja cha fundi kimekufa zamani, hakijui moto wala baridi. Gurudumu lenye joto kuliko wenzake ndilo lenye breki iliyoshika, kabla hujafungua kitu chochote. Mafundi wenzangu walinicheka, wakaniita mganga, wakisema Mnyakyusa amekuja kupima homa. Singa aliwaacha wacheke. Jioni alikuwa anazunguka mwenyewe kwa kimya na kugusa nyuma yangu, kuona kama nimesema kweli.

Baadaye akanifundisha kumuuliza mgonjwa. Gurudumu limekataa kuzunguka, basi linyanyue kwa jeki, ulegeze ile nati ndogo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia, kosa haliko kwenye pistoni, bali mafuta yamefungiwa njiani. Tazama mpira wa breki, pengine umevimba kwa ndani, au tazama silinda kubwa ya kwenye pedeli. Mafuta yasiporuka na gurudumu likabaki limeng'ang'ania, fungua fimbo ya breki ya mkono. Likikataa na hapo, ndiyo sasa uguse nyundo, kwa sababu ugonjwa uko ndani ya ngoma. Mimi nimeona watu wanaanza na nyundo. Wengine wao ni mafundi wakubwa mjini hapa na majina yao siandiki.

Pistoni iliyoshika usiivute na plaizi, utaichubua na itakuwa adui yako daima. Mwambie mtu akanyage pedeli polepole, mafuta yaitoe yenyewe. Safisha tundu lake kwa msasa laini uliolowa mafuta ya breki, zungusha, usipeleke mbele na nyuma kama unasugua sakafu. Raba zioshe kwa mafuta yaleyale au spiriti. Petroli na mafuta ya taa, hapana, zinavimba kama mdomo uliong'atwa na nyuki. Tundu likiwa na mashimo ya kutu, tupa. Najua hamtatupa. Hata sisi hatukutupa, spea zilitoka mbali. Lakini nimesema.

Sasa nifike kwa Alfonsi, maana ndiye niliyekuwa namwendea tangu mwanzo, nikapotelea njiani.

Alfonsi alikuwa dereva wa lori la misheni moja ndogo nje ya Iringa, upande wa kwenda Idodi. Siyo Tosamaganga, msianze kuulizana. Mhehe, mtu mzima, mrefu, shati limepigwa pasi hata siku ya kupakia mkaa. Lori lake lilituletea taabu isiyokwisha. Gurudumu la nyuma la kushoto linashika. Tunalifungua, tunasafisha pistoni, tunaweka raba mpya, linaondoka vizuri. Linakaa kidogo, linarudi. Gurudumu lilelile. Na kila likirudi limekwisha jikaanga: wamelivuta kwa nguvu mbele na nyuma mpaka likakubali, halafu likaja mjini likiburuza breki njia nzima. Tukifungua ngoma tunakuta kila kitu kikavu, cheusi, kimeungua. Alfonsi akikuta mafundi wanatikisa kichwa, na yeye anatikisa.

Aliyegundua jambo ni padre wao. Mzungu wa siku nyingi, Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kihehe kuliko cha Alfonsi. Alisema lori linakwama Jumatatu asubuhi, si siku nyingine. Na Jumatatu inafuata Jumapili. Na Jumapili huko vijijini mnajua kinachonywewa, hasa msimu wa mianzi. Basi watu wakamalizia hesabu wenyewe: Alfonsi anakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, analiendesha lori akiwa amelewa, mguu ameusahau kwenye breki, anaiunguza. Alfonsi alikuwa hanywi. Alikuwa mtu wa kusimamia kwaya. Lakini mtu asiyekunywa akianza kujitetea kwamba hanywi, anaonekana mlevi zaidi.

Padre akaja gereji mwenyewe. Alizungumza na Singa kwa upole, Alfonsi amesimama karibu na kofia mkononi. Alisema analileta lori mara moja ya mwisho. Jumatatu likikwama tena, Alfonsi atarudisha ufunguo, na misheni itatafuta dereva mwingine. Alfonsi alikuwa akitazama ule ufunguo uliofungwa kwa kipande cha ngozi, na kidole gumba chake kilikuwa kimeisugua ngozi ile mpaka inang'aa.

Lori lilipokwisha kutengenezwa na wao wanaondoka, Singa akaniambia nifungashe mfuko wa spana niende nao, nikae huko mpaka Jumatatu. Akasema ugonjwa unaochagua gurudumu moja na siku moja hauko gereji, uko nyumbani kwa mgonjwa. "Nenda ukaangalie anavyoishi," akasema. "Usifungue kitu. Angalia tu."

Kuangalia tu. Mtu kama mimi.

Tulifika misheni Ijumaa. Jumamosi tulibeba tofali siku nzima kutoka ng'ambo ya mlima, tukishuka na mzigo, na kila tukisimama mimi nagusa magurudumu. Yote yana moto, lakini moto wa sawasawa, moto wa kazi. Alfonsi akauliza, "Homa imepanda, mganga?" Nikamwambia wagonjwa wote wazima.

Baada ya mzigo wa mwisho, alipogeuka hakuelekea misheni, aliteremka mtoni. Nikauliza tunakwenda wapi. Akaniambia, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa kwa nini ananawa uso, kwamba kesho ni Jumapili. Akaliingiza lori majini. Ukingo ule umeinama, kwa hiyo upande wa kushoto ulizama mpaka kitovu cha gurudumu, na gurudumu la nyuma likaketi kwenye shimo lake lenyewe, lililochimbwa na Jumamosi zote zilizopita. Nilisikia ngoma ikichemka majini. Mvuke ukapanda. Alfonsi akavua viatu, akakunja suruali, akaanza kuliosha, kwanza madirisha, halafu ubao, halafu magurudumu kwa brashi, huku anaimba wimbo wa kesho kwa sauti ya pili.

Mnakumbuka lile debe langu la mlima wa Chunya. Ngoma ya moto ikiingia kwenye maji baridi, si lazima ipasuke. Ikipona, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, na mahali pa hewa panavutwa maji. Yanapita kwenye kila upenyo, yanaingia chini ya raba ya vumbi, yanakwenda kulala karibu na pistoni.

Halafu akalipandisha misheni, akaliegesha mbele ya kanisa, palipo na mteremko, likiwa linang'aa kama sahani ya arusi. Akavuta breki ya mkono, akaivuta tena kwa mikono miwili. Aliniambia kwamba mwaka fulani lori liliteleza likavunja uzio wa masista, na tangu siku hiyo anavuta hivyo. Viatu vilivyolowa vikabanwa kwenye ngoma iliyolowa, vikaachwa hapo.

Jumapili ile ilikuwa ndefu kama uwanda wa Usangu. Misheni ilikuwa na sharti: Jumapili hakuna chombo cha kazi kinachoshikwa, hata jembe. Mimi Mmoravian, nikakaa ibada ya Kilatini nisiyoielewa, na mbele ya mlango naliona lori, na mikono yangu naikalia. Nilitoka mara nyingi mpaka sista mmoja akaniuliza kwa huruma kama tumbo linanisumbua. Kina mama walipita pale wakilisifu lori, wakisema kwamba kwa kusafisha huyu Alfonsi hana mwenzake, laiti angeacha pombe.

Mchana sikuweza tena. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akimenya muwa, nikamwambia yote. Mto, shimo, mvuke, breki ya mkono. Aliacha kumenya. Kwanza alikasirika.

"Yaani mimi ndiye ninayeliua? Kwa kuliosha?"

"Kwa kuliosha likiwa la moto, kaka. Na kulifunga limelowa."

"Wewe watu wenu mnaishi kwenye mvua mwaka mzima na migomba yenu, leo unanifundisha maji?"

Akatafuna muwa, akatema makapi mbali. Halafu akainuka haraka, akasema basi akaliachie sasa hivi. Atateremsha breki, atalisukuma mbele kidogo na nyuma kidogo, kesho litaondoka kama maji. Kuachia breki si chombo cha kazi, padre hawezi kusema kitu. Akawa ameshatembea hatua kadhaa.

Nilimfuata. Nilimwambia ni kweli, ukiliachia sasa litaondoka kesho. Ila hakuna atakayejua kwa nini. Jumatatu moja limeondoka, basi. Mimi nitarudi mjini na hadithi ya mto, na nani ataniamini, Singa mwenyewe hajaona maji. Ukiliacha litakwama mbele ya padre, na mimi nitalifungua akiwa amesimama hapo, kabla halijajikaanga. Lakini ufunguo ni wako, nikasema. Mimi nikikosea, utarudishwa wewe, mimi nina gereji yangu ya kurudi.

Akasimama katikati ya uwanja, lori liko kule, sisi huku. Alijipapasa mfukoni, akautoa ufunguo, akaisugua ile ngozi kwa gumba. Alikaa hivyo mpaka mimi nikaanza kuzunguka kwenye kivuli changu mwenyewe. Mwisho akaurudisha mfukoni.

"Kaa chini, Mnyakyusa," akasema. "Unanichosha. Tule muwa."

Jumatatu asubuhi umande bado uko kwenye majani. Padre akaja na kikombe chake cha kahawa, akasimama. Alfonsi akapanda, akapiga moto, akaachia breki, akaweka gia. Lori likainama mbele, likanung'unika, halikwenda. Gurudumu la nyuma la kushoto halikuzunguka hata kidogo. Padre akanyoosha mkono, na Alfonsi akashuka, akaweka ufunguo kwenye mkono ule.

Nikasema kwa adabu, Padre, naomba dakika. Nikaweka mawe kwenye magurudumu mengine, nikapiga jeki. Nikalegeza nati ya upepo ili aone: mafuta yakatoka kama chozi, gurudumu limeng'ang'ania. Nikamwambia mguu wa dereva hauhusiki hapa, ungekuwa mguu yangeruka. Nikafungua fimbo ya breki ya mkono. Bado. Nikaanza kuigonga ngoma pembeni kwa nyundo, kidogo kidogo, kuizunguka, nikijua kwamba kama ndani ni pakavu, basi mimi na Alfonsi tumekwisha. Ikaachia. Nikaivuta.

Maji ya rangi ya machungwa yakamwagika kwenye viatu vya padre. Kiatu cha breki kilikuwa kimeganda kwenye ngoma kama ukoko wa ugali kwenye sufuria, na chini kulikuwa na mchanga mweupe wa mtoni. Padre akainama, akachovya kidole, akakinusa. Nadhani alikuwa anatafuta ulanzi.

"Maji haya yametoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini halikuwa langu.

"Mtoni, Padre," akasema Alfonsi. "Ninalitia mimi kila Jumamosi, lije safi kanisani. Na breki navuta mimi."

"Umejua lini?"

"Jana mchana."

"Na leo umeliacha likwame mbele yangu?"

"Ningeliachia jana lingeondoka. Nawe ungesema, Jumapili hii Alfonsi hakunywa."

Padre alikitazama kikombe chake kama mtu aliyesahau ni cha nani. Akamwaga kahawa iliyobaki kwenye majani. Akaushika mkono wa Alfonsi, akaufungua, akauweka ufunguo ndani na yeye mwenyewe akavifunga vidole vya Alfonsi juu yake. Akasema Jumapili ijayo anataka kuliona lori mbele ya kanisa na matope yake yote. Halafu akaenda kubadilisha viatu.

Tulisafisha pistoni pale pale, tukakausha kila kitu juani. Nilimchongea kabari mbili za gogo kama zile nilizobeba kwenye njia ya Chunya, ili asivute breki ya mkono tena akilaza lori. Jumatatu zikaacha kuwa na habari. Ila kina mama hawakupenda. Walisema, mnaona, zamani alikuwa mlevi lakini msafi, sasa ameacha pombe na usafi ameuacha.

Mimi sikukaa sana Iringa, kama mnavyonijua. Kabla miaka ile ya hamsini haijaisha nilikuwa nimerudi Mbeya, gereji nyingine, watu wengine. Asubuhi moja lori likasimama nje ya geti, limejaa viti vya kanisa, na matope yamelifunika mpaka jina la misheni halisomeki. Utingo akaruka na kabari. Ilikuwa mojawapo ya zile mbili nilizozichonga, imekuwa nyeusi kwa mikono ya watu. Sikumsalimu mtu. Nilizunguka kwanza, nikagusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, la nyuma la kushoto nikaligusa mara mbili. Yote yalikuwa na joto moja.

Alfonsi akatoa kichwa dirishani, shati limepigwa pasi.

"Toa mkono, mganga," akasema. "Utanisafishia lori."